Beringi ya Gurudumu la Nyuma

Mwaka 1984 nilikuwa dereva wa gari la kijiji. Gari lenyewe lilikuwa Land Rover, lile refu, lenye turubai nyuma na mabenchi mawili ya mbao. Kijiji chetu kiko katika milima ya Kondoa, kilomita 28 kutoka mjini. Gari hilo lilibeba mahindi, lilibeba mbegu na mbolea, lilibeba walimu siku za mshahara, na lilibeba wagonjwa. Halikuwapo gari jingine. Likisimama, kijiji kizima kilitembea kwa miguu.

Nataka kueleza jinsi beringi ya gurudumu moja la nyuma ilivyotusimamisha, na jinsi nilivyoifunga mpya kwa mikono yangu mwenyewe nikaiua siku ile ile. Sikuwa fundi. Nilijua kubadilisha tairi, kuangalia mafuta na kusafisha plagi. Mengine nilijifunza kwa sababu gari lilikataa kwenda.

Sauti ilianza mwezi wa pili, wakati wa mvua. Aliyeisikia kwanza ni utingo wangu, maana yeye hukaa nyuma. Siku moja alishuka akaniambia, "Kaka, huku nyuma kuna kitu kinaunguruma." Nikamjibu kwamba ni tairi. Tairi za nyuma zilikuwa na meno makubwa ya kushika tope, na tairi za namna hiyo huvuma gari likienda kasi. Alinyamaza. Alikuwa mdogo kwangu, tena mimi ndiye niliyekuwa na leseni.

Baada ya siku chache niliisikia mwenyewe. Ilikuwa kama mashine ya kusaga inayosikika kutoka kijiji cha pili. Gari likienda taratibu haikusikika. Likifika mwendo wa kilomita 40 kwa saa ilianza, na kadiri nilivyoongeza mwendo nayo ikaongezeka. Niliendelea kusema ni tairi. Kwa kweli nilisema hivyo kwa sababu tairi haikuhitaji nifanye lolote.

Lakini sauti ya tairi na sauti ya beringi hazifanani, na mtu anaweza kuzitenganisha bila chombo chochote. Sauti ya tairi hubadilika barabara ikibadilika. Ukitoka kwenye changarawe ukaingia kwenye mchanga, tairi hunyamaza au hubadili wimbo. Beringi iliyokwisha huendelea vile vile kwenye changarawe, kwenye mchanga na kwenye lami. Nayo haifuati injini. Ukiwa mahali tambarare pasipo na watu, ondoa gia kidogo, gari liende lenyewe. Kama sauti inabaki wakati injini imeshuka, basi iko kwenye magurudumu au karibu nayo. Mteremkoni usifanye jaribio hilo, kwa sababu huko unahitaji gia ikusaidie kushika gari.

Jaribio lililonishika mimi lilikuwa la kona. Katika njia yetu kuna kona nyingi. Niliona kwamba nikikata kulia sauti inazidi, na nikikata kushoto inapungua, karibu inakwisha. Gari likikata kulia, uzito wake hulalia upande wa kushoto, kama mtu aliyebeba ndoo kichwani anapogeuka ghafla. Beringi ya kushoto hubanwa, na kama ni mgonjwa hulalamika. Kwa hiyo ugonjwa ulikuwa kushoto. Utingo alikuwa amekwisha kuniambia ni nyuma. Tulikuwa tumelijua gurudumu kabla hatujashika hata spana moja, lakini nilikuwa nimepoteza wiki mbili.

Pengine msomaji anajiuliza beringi ni kitu gani. Jaribu kuvuta gunia la mahindi juu ya sakafu. Ni kazi ngumu. Sasa weka vijiti vya mviringo chini ya gunia ulisukume. Linakwenda kwa urahisi, kwa sababu vijiti vinabingirika badala ya kusuguana. Beringi ni vijiti hivyo hivyo, ila vimetengenezwa kwa chuma kigumu sana na kupangwa kuzunguka duara. Katika Land Rover ile kila gurudumu lilikuwa na beringi mbili, moja ndani na moja nje. Kila beringi ina pete ya ndani iliyoshikana na vijiti vyake, na ina kikombe cha chuma kinachokaa ndani ya habu, yaani kile kitovu cha gurudumu. Vijiti hubingirika kati ya pete na kikombe.

Vijiti vya beringi hizo si vya unene mmoja. Upande mmoja ni vinene, upande wa pili ni vyembamba kidogo, na kikombe nacho kimelala kwa mshazari. Mtengenezaji mmoja wa magari ya farasi huko St. Louis, Marekani, jina lake Henry Timken, ndiye aliyepata hati ya uvumbuzi wa beringi ya namna hiyo ya gurudumu mwaka 1898. Gari la farasi nalo lilikuwa na shida ya kona. Uzito haukutoka juu peke yake, ulitoka pia ubavuni. Vijiti vya mshazari vinabeba uzito wa juu na wa ubavuni kwa pamoja. Nasimulia hayo kwa sababu mshazari huohuo ndio ulioniletea msiba baadaye. Beringi ya aina hiyo ukiikaza inabanana, na ukiilegeza inacheza. Ni mtu anayeamua iwe vipi.

Jioni moja tulilipandisha gari kwa jeki. Tulichagua ardhi ngumu, tukaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu mengine, tukaweka ubao chini ya jeki ili isizame. Nati 5 za gurudumu tulizilegeza kidogo gari likiwa bado chini. Baada ya kulipandisha, tuliweka gogo nene chini ya ekseli. Jeki peke yake si ya kuaminiwa. Inaweza kuteleza wakati umeingiza mkono au kichwa.

Nilishika tairi kwa mikono miwili, mkono mmoja juu na mwingine chini, nikalitikisa, nikivuta juu na kusukuma chini. Likacheza, ko, ko, ko. Gurudumu la upande wa kulia halikucheza vile. Kisha utingo alilizungusha taratibu nami nikaweka kiganja kwenye springi iliyo karibu. Nilihisi mkwaruzo kama mchanga katika meno. Mara nyingi springi hukuambia kuliko sikio. (Kwa gurudumu la mbele kuna jambo moja zaidi. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki, halafu tikisa tena. Mchezo ukikwisha, shida ni beringi. Ukibaki, tafuta shida yako kwenye kingpini au viungo vya usukani.)

Kazi ya kufungua haikuwa ngumu, ila ilikuwa chafu. Tulitoa gurudumu, tukatoa dramu ya breki, tukafungua bolti za shafti na kuivuta nje. Ndani kulikuwa na nati mbili kubwa nyembamba, na kati yake bati laini lililokunjwa ili nati zisilegee. Tulilikunjua kwa tindo. Spana ya kutosha nati hizo hatukuwa nayo. Nilizigonga kwa tindo na nyundo mpaka zikafunguka. Mafundi wengi hufanya hivyo, na nati nyingi zina makovu ya tindo. Ni kazi mbaya. Tindo haikuambii umekaza kiasi gani.

Habu ilipotoka, utingo aliguna. Grisi inayofaa huteleza na kung'aa. Ile ilikuwa ya kijivu, nyepesi kama uji, kwa sababu ilikuwa imechanganyika na maji. Beringi ya ndani ilikuwa na kutu. Kikombe chake, mahali vijiti vinapopita, kilikuwa na vishimo vingi kama uso wa mtu aliyeugua ndui.

Maji yalitoka wapi? Kondoa ina makorongo mengi ya mchanga. Wakati wa kiangazi unapita pakavu, wakati wa masika unapita ndani ya maji. Gari limetoka mbali, habu ni ya moto, hewa iliyomo ndani imetanuka. Unaingia kwenye maji baridi ghafla. Hewa inasinyaa, habu inavuta pumzi, na kama sili ya mpira nyuma ya habu imechakaa, inavuta maji pamoja na mchanga laini. Nilikuwa na desturi ya kuingia korongoni bila kusimama, na watu walishangilia maji yaliporuka pande zote mbili. Ingekuwa heri kusimama kidogo, habu ipoe, ndipo nivuke polepole.

Sasa ilibidi kutafuta beringi mpya. Miaka ile vipuri vilikuwa adimu. Nchi ilikuwa imetoka katika vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bei ya mafuta ilikuwa imepanda, na fedha za kigeni zilikuwa chache. Mtu aliweza kuzunguka maduka yote ya mji akakuta rafu tupu. Mwenyekiti wa kijiji alinipa fedha za mfuko wa kijiji, akahesabu mbele ya kamati, akaniambia, "Ndugu dereva, hizi hazirudi mara mbili."

Kabla sijaondoka nilifanya jambo moja la maana. Beringi huwa na namba zilizochorwa kwenye chuma. Pete ya ndani ina namba yake na kikombe kina namba yake, na beringi ya ndani ya gurudumu letu haikuwa na namba sawa na ya nje. Niliziosha kwa mafuta ya taa, nikazisugua kwa jivu, nikaziandika zote nne katika daftari. Tarakimu moja ilikuwa imeliwa na kutu. Haikujulikana kama ni 3 au ni 8. Niliigeuza kwenye jua kwa muda mrefu. Mwishowe nikaiandika 8, na pembeni nikaweka alama ya kuuliza.

Mimi nilijifunza kusoma nikiwa mtu mzima. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka uliofuata nilikaa chini ya mkuyu pamoja na baba yangu mdogo na mama wakwe wa watu, tukiandika kwenye mchanga. Leseni niliipata mwaka 1977. Daftari lile la beringi ninalo mpaka leo.

Nilikwenda Dodoma kwa basi, mwendo wa kilomita 160 hivi. Beringi za zamani nilizibeba ndani ya kitambaa. Katika duka la kwanza na la pili hakukuwa na kitu. Katika la tatu muuzaji alileta boksi, akasema, "Hii ndiyo ya Land Rover, zote ni sawa." Niliitoa, nikaiweka kando ya ile ya zamani. Kwa macho zilifanana. Nikafungua daftari. Namba ya pete ilitofautiana kwa tarakimu moja, na haikuwa ile tarakimu yenye kutu. Muuzaji alikasirika kidogo. Alisema ananisaidia, kesho hata hiyo sitaikuta. Nilichukua pete mpya nikaiweka juu ya pete ya zamani, tundu juu ya tundu, nikapitisha kidole ndani. Kulikuwa na ngazi ndogo. Tundu la mpya lilikuwa kubwa kwa unene wa ukucha. Pete hiyo ingezunguka juu ya ekseli na kuila.

Nilirudi kijijini mikono mitupu. Muuzaji mwingine aliahidi kuniletea zenye namba zangu, na nilimwachia karatasi. Tulingoja wiki tatu.

Katika wiki hizo tatu, usiku mmoja, jirani yangu alishikwa na uchungu wa mtoto wake wa kwanza. Alikaa nao usiku huo na mchana wote uliofuata. Jioni mkunga alitoka nje akasema kwamba lazima aende hospitali. Watu walinitazama. Gari lilikuwa pale pale chini ya mti, limekaa juu ya gogo, gurudumu moja hakuna. Hata mkokoteni wa ng'ombe haukuwapo. Mwaka 1979 mifugo ilikuwa imeondolewa katika eneo letu la milima kwa sababu ya mmomonyoko wa udongo, chini ya mradi wa kuhifadhi ardhi ulioitwa HADO. Sisemi mradi ulikosea. Majani yalirudi katika makorongo, kila mtu aliona. Lakini usiku ule hapakuwa na wa kuvuta.

Tulimbeba juu ya kitanda cha kamba, wanaume wanane, tukipokezana wanne wanne. Mkunga alitangulia na taa ya chemli. Nilibeba mguu wa nyuma wa kushoto. Sikupanga hivyo, ndio uliokuwa wazi. Njia nzima nilizihesabu zile wiki mbili ambazo nilisema ni tairi. Kama ningelisimamisha gari siku ile utingo aliponiambia, na kwenda Dodoma siku ile, beringi zingekuwa zimefika. Karibu na kilomita ya 19, mkunga akatuamuru tumtue. Mtoto alizaliwa pale kando ya korongo kabla ya mapambazuko. Mama na mtoto walipona. Mtoto alipewa jina la babu yake, lakini kijiji kilimwita Beringi, na sasa ni mtu mzima mwenye watoto wake, bado wapo wanaomwita hivyo.

Beringi za gari zilifika mwezi wa nne, pamoja na sili mpya. Ile tarakimu ilikuwa 8.

Nilizifunga mwenyewe. Mambo mengi niliyafanya vizuri. Nilisafisha habu kwa mafuta ya taa nikaikausha. Vikombe vya zamani nilivitoa kwa kugonga pembeni kidogo kidogo, upande huu na upande huu, visikwame. Vipya niliviingiza kwa kutumia kikombe cha zamani juu yake kama kipokeo cha nyundo, ili nisiumize chuma kipya. Grisi niliiweka kwenye kiganja, nikakandamiza beringi kwa upande wake mpana mpaka grisi ikatokeza upande wa pili kati ya vijiti vyote. Usipofanya hivyo grisi hukaa juu tu, na katikati panabaki pakavu. Nilihakikisha grisi haikugusa viatu vya breki.

Kisha nikafika kwenye nati. Nilifikiri habari ya kile kitanda cha kamba. Nilifikiri habari ya maneno ya Mwenyekiti. Nikaapa kwamba gurudumu hili halitacheza tena kamwe. Nikagonga nati kwa tindo na nyundo mpaka haikusogea. Nati ya pili vivyo hivyo. Gurudumu likawa zito kuzungushwa. Nikaona huo uzito ni nguvu.

Safari ya kwanza tulikuwa na abiria 11 na magunia. Kilomita za kwanza hakukuwa na ngurumo, na mimi nilikuwa nikipiga mluzi. Karibu na kilomita ya 15 nilisikia harufu ya grisi inayoungua. Utingo aligonga bodi. Tuliposimama, moshi ulikuwa ukitoka kwenye gurudumu la kushoto nyuma, na grisi iliyoyeyuka ilikuwa ikitiririka kwenye rimu. Utingo alikuja mbio na debe la maji. Angalau hapo nilimzuia kwa wakati. Chuma cha moto kikimwagiwa maji baridi ghafla kinaweza kupasuka. Tuliacha lipoe lenyewe. Abiria waliteremka wakaenda kwa miguu. Hakuna aliyenitukana, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nilikwenda mjini nikamtafuta mzee mmoja fundi. Alikuja jioni amepakiwa kwenye baiskeli, na mfuko wake wa spana. Alifungua habu bila kusema neno. Beringi ya nje ilikuwa imegeuka rangi ya bluu. Chuma kikishaiva hivyo kimepoteza ugumu wake, hakifai tena hata kikiwa laini kwa kidole. Beringi ya ndani ilikuwa imesalimika.

"Nani alikaza?" akauliza.

"Ni mimi, mzee."

"Kijana, umefunga beringi kama mtu anayefunga gunia. Vijiti vitabingirika wapi?"

Kwa bahati, katika karakana alikofanya kazi kulikuwa na Land Rover moja iliyokufa injini. Tulipata humo beringi ya nje. Tulilinganisha namba na daftari langu. Alichukua pete pamoja na kikombe chake, hakukubali kuchanganya pete ya huku na kikombe cha kule, kwa sababu vimezoeana katika kuchakaa. Aliiosha, akaizungusha polepole karibu na sikio, akavitazama vijiti kimoja kimoja kwenye mwanga.

Kisha alipitisha ukucha wake juu ya ile pete ya chuma iliyoko kwenye ekseli, mahali mdomo wa sili unapogusa. Ukucha ukaingia kwenye mfereji mdogo uliochimbwa na sili kwa miaka mingi. "Maji yako yalipita hapa," akasema, "na sili yako mpya ingeyapitisha tena." Dawa yake hasa ni kubadilisha pete hiyo, lakini hatukuwa nayo. Aliipanga sili kwenye habu ikiwa imejitokeza kidogo zaidi kuliko zamani, ili mdomo wake uguse chuma kizima kando ya mfereji. Pete mpya tuliipata mwaka uliofuata.

Spana ya nati alikuwa nayo, ile ndefu ya bomba. Aliniambia nizungushe gurudumu, nisiache. Huku nikizungusha, yeye alikaza nati mpaka gurudumu likawa zito, ndipo vijiti vyote vikakaa mahali pake. Halafu akailegeza. Akairudisha kwa mkono tu, kidogo kidogo. Kila mara alinisimamisha akaivuta habu kwake na kuisukuma. Aliniita nami nijaribu. Mchezo ulikuwepo, lakini mdogo sana, zaidi unausikia kwenye vidole kuliko kuuona.

"Unakuwa kama karatasi moja ya daftari lako," alisema. Baadaye nilisoma katika kitabu cha gari hilo, nikaona hakukosea. Nafasi inayotakiwa ni karibu sehemu ya kumi ya milimita moja, na unene wa karatasi ya daftari ni karibu hivyo hivyo. Nafasi hiyo inaachwa kwa sababu beringi ikifanya kazi hupata joto na kutanuka.

Aliweka bati la kufunga, akakaza nati ya pili, akajaribu tena. Nati ya pili ilikuwa imebana ile ya kwanza kidogo, mchezo ukawa umekwisha. Akafungua akaanza upya. Alirudia mara tatu. Mimi ningeridhika na mara ya kwanza. Mwishowe akakunja bati, upande mmoja juu ya nati ya ndani na upande mwingine juu ya nati ya nje.

Magari mengi ya siku hizi yana beringi iliyofungwa kabisa kiwandani, yenye grisi yake ndani. Hiyo hailegezwi wala kukazwa kwa kuonja. Nati yake hukazwa kwa nguvu iliyoandikwa katika kitabu cha gari, kwa spana yenye kipimo. Na ikiwa ni ya kushindiliwa ndani ya nyumba yake, hushindiliwa kwa mashine, kwa kusukuma pete ya nje. Ukiisukuma au kuigonga kwa pete ya ndani, gololi zake huchimba alama, na beringi mpya huanza kuvuma siku ya kwanza. Nyingine zina upande mmoja wenye sumaku kwa ajili ya breki za kisasa, na upande huo ukigeuzwa taa ya breki huwaka. Lakini ngurumo ni ile ile, na kona zinaitambulisha vile vile.

Tulipomaliza ilikuwa usiku. Fundi alikaa mbele pamoja nami. Tulikwenda kilomita 5, akaniambia nisimame. Akashuka na kuweka kiganja kwenye habu, kisha akaweka kwenye habu ya upande wa kulia. Akaniita nami niweke. Zote mbili zilikuwa na uvuguvugu sawa, kama kikombe cha chai kilichosahauliwa. Tukaenda mbele kidogo, tukafanya hivyo tena. Mpaka tunafika mjini tulikuwa tumesimama mara nne.

Asubuhi nilirudi kijijini na magunia yale yale. Nilisimama kila kilomita 10. Utingo alikuwa wa kwanza kushuka kila mara na kuweka mkono, na nilimwacha yeye aseme kama tuendelee. Gari hilo nililiendesha mpaka mwaka 1989, na beringi zile zilikuwa bado mle ndani.